Mwongozo kamili: Kuitembelea Monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, na kuziona ikoni zake

Malalamiko ni yaleyale kila msimu wa hija. Msafiri ametoka Nairobi, Arusha au Kampala, amepitia Cairo, amepanda Mlima wa Musa usiku kucha, ameona jua likichomoza, kisha ameshuka hadi monasteri akiwa hoi. Anakuta mlango umefungwa, au kiongozi wa msafara anamwambia ana dakika 20. Anarudi nyumbani na picha nyingi za mlima, lakini ikoni, yaani picha takatifu zilizochorwa kwenye ubao, hajaona hata moja.

Karibu kila mara kosa liko kwenye ratiba. Monasteri hii ya Kiorthodoksi, iliyo jangwani Sinai nchini Misri, huwapokea wageni kwa muda wa takriban saa tatu tu asubuhi, tena si kila siku. Ratiba nyingi za mawakala huanza na mlima, halafu monasteri hupewa muda unaobaki. Fanya kinyume chake: zishike kwanza zile saa tatu, mengine yote uyapange kuzizunguka. Mlima utaukuta hata jioni.

Historia ndefu naiacha. Hapa ni namna ya kufika, kuingia, na kuona.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti yenye viza ya Misri, na nakala zake tatu au nne za karatasi. Vizuizi vya ukaguzi barabarani ni vingi, na wakati mwingine askari hutaka kubaki na nakala.
- Kitabu cha manjano cha chanjo. Misri huwadai wanaotoka nchi zenye homa ya manjano.
- Pauni za Misri, noti ndogondogo. Usitegemee mashine ya benki ya mji mdogo wa jangwani.
- Nguo ya kufunika mabega na magoti, kwa wanaume na wanawake. Kanga mbili zinatosha, moja kiunoni na moja mabegani.
- Koti zito hata ukisafiri mwezi wa nne. Monasteri iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Desemba hadi Februari usiku maji huganda.
- Darubini ndogo, ile ya kuangalia ndege. Wengi hucheka wakisoma hapa. Ukifika hatua ya 7 utaona kwa nini ni ya lazima.
- Picha nne za ikoni, zilizochapwa kwenye karatasi. Hatua ya 4 inaeleza ni zipi.

Kamera haimo kwenye orodha kwa makusudi. Ndani ya kanisa na ndani ya chumba cha hazina, ambamo ikoni huonyeshwa, kupiga picha ni marufuku, simu ikiwemo.

## Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kukata tiketi ya ndege

Mara nyingi mlango hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa kati ya saa 5 na nusu na saa 6. Ijumaa na Jumapili usizihesabu kabisa. Sikukuu za Kiorthodoksi nazo ni siku za kufungwa.

Sababu ni kwamba hapa si makumbusho. Ni nyumba ya watawa wachache wa mapokeo ya Kigiriki wanaoamka gizani na kusali hadi kumekucha. Saa za wageni ni ukarimu wanaoutoa katikati ya siku yao ya sala.

Siku nzuri ni katikati ya wiki: Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ziwe mbili mfululizo kama unaweza. Siku ya pili ndiyo bima yako iwapo ya kwanza itaharibika, na ikiwa haikuharibika, utaingia tena ukiwa tayari unajua pa kusimama.

Onyo: Pasaka ya Waorthodoksi mara nyingi haiangukii siku moja na ya Wakatoliki na Waprotestanti. Kundi linalosafiri baada ya Pasaka ya nyumbani linaweza kufika Sinai katikati ya Juma Kuu la wenyeji. Angalia kalenda ya Kiorthodoksi ya mwaka huo, kisha mwombe mwenyeji wako wa mji wa Saint Catherine, ulio jirani na monasteri, athibitishe tarehe kwa simu wiki moja kabla.

## Hatua ya 2: Viza na barabara

Omba viza ubalozini mapema. Watalii wa Ulaya husimulia kwamba hugongewa muhuri wa Sinai pale uwanja wa ndege wa Sharm el-Sheikh bila gharama. Utaratibu huo haumhusu kila raia, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki asiujengee safari.

Njia ni tatu. Kutoka Sharm el-Sheikh ni kama saa tatu kwa gari. Kutoka Dahab ni kama saa mbili. Kutoka Cairo, kwa kupita chini ya Mfereji wa Suez, tenga siku nzima, maana ni mwendo wa saa saba au zaidi pamoja na ukaguzi. Mimi humshauri mtu aliye na haraka aruke kwa ndege ya ndani kutoka Cairo hadi Sharm, kisha achukue gari. Pesa inaongezeka kidogo, lakini anaokoa nguvu za macho na miguu.

Kabla ya kuondoka soma tahadhari za usalama za wakati huo, na upite njia ya kusini. Ukisimamishwa na askari, toa pasipoti, jibu kwa kifupi, tulia. Kusubiri dakika 40 kwenye kizuizi ni jambo la kawaida, na ndiyo maana hatua inayofuata ipo.

## Hatua ya 3: Lala mjini Saint Catherine, usiku mbili

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Wakala anakuuzia safari ya usiku mmoja: gari linaondoka Sharm jioni, unafika mlimani usiku wa manane, unapanda, unashuka, unaingia monasteri, unarudi hotelini. Kwa karatasi inapendeza. Kwa mwili, unaingia mbele ya kazi za sanaa za karne ya 6 ukiwa hujalala na magoti yanatetemeka.

Mji uko kilomita chache tu kutoka monasteri. Una nyumba za wageni na kambi za Mabedui, na monasteri yenyewe ina nyumba yake ya wageni nje ya ukuta. Uliza kama inapokea watu tarehe zako.

Fika mchana, kula, lala mapema. Ukiamka saa 12 asubuhi ukiwa na njaa na hamu ya kutembea, hatua hii imefaulu.

## Hatua ya 4: Zijue ikoni nne kabla hujatoka nyumbani

Monasteri ina ikoni zaidi ya 2,000. Zinazoonyeshwa kwa wageni ni sehemu ndogo, lakini hata hiyo itakuchosha kama unaingia bila mpango. Chagua nne, uzisome picha zake nyumbani, uende kukutana nazo.

Jambo moja la zamani inabidi ulijue, kwa sababu linaeleza kwa nini watu hufunga safari kuja huku. Katika karne ya 8 na ya 9, watawala wa Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola ya Kirumi ya Mashariki, waliamuru ikoni ziharibiwe. Amri hiyo haikufika Sinai, kwa kuwa eneo lilikuwa tayari chini ya utawala wa Waislamu. Pamoja na ukame wa jangwa, hiyo ndiyo sababu ikoni kongwe za ulimwengu wa Kikristo zimesalia hapa kuliko popote.

Nne zangu ni hizi:

1. Kristo Pantokrator, yaani Mwenyezi, ya karne ya 6.
2. Mama wa Mungu na Mtoto katikati ya watakatifu Theodoro na Georgi, ya karne ya 6 au ya 7.
3. Mtume Petro, ya umri kama huo.
4. Ngazi ya Kupandia Mbinguni, ya karne ya 12.

Kama hujawahi kuingia kanisa la Kiorthodoksi, fanya hivyo kwanza huku nyumbani. Kenya, Uganda na Tanzania zina parokia nyingi zilizo chini ya Upatriarki wa Aleksandria. Hudhuria ibada moja ya Jumapili. Tazama watu wanavyoisogelea ikoni, wanavyopiga ishara ya msalaba, wanavyoibusu na kuwasha mshumaa. Mtu aliyekwisha kuona hayo haziangalii ikoni za Sinai kama mapambo ya ukutani.

Mwumini wa Kiorthodoksi na aombe barua ya utambulisho kutoka kwa padri wake. Inaweza kumfungulia nafasi ya kuhudhuria ibada, ambayo mtalii wa kawaida haipati.

## Hatua ya 5: Uwe mlangoni kabla ya saa 3

Fika saa 2 na nusu. Misafara inayoshuka mlimani huanza kujazana saa 3 kasoro, na mabasi ya Sharm hufika baadaye kidogo.

Utaingia kupitia mlango mdogo kwenye ukuta mkubwa wa mawe ya matale. Kama huna nguo ya kujifunika, huwa kuna vitambaa vya kuazima, lakini kuvaa ulichokuja nacho ni heshima zaidi. Kofia kwa mwanaume ivuliwe ukiingia kanisani. Sauti iwe ya chini tangu hapo.

Hapohapo mlangoni uliza: "Chumba cha hazina kiko wazi leo?" Jibu lake ndilo linaloamua unakwenda wapi kwanza. Kikiwa wazi, nenda huko moja kwa moja, kabla ya kanisa. Misafara yote hukimbilia kanisani na kwenye kijiti cha Musa, na mingi haikanyagi kabisa chumba cha hazina kwa kuwa kina tiketi yake ya ziada. Kwa hiyo asubuhi mapema unaweza kukaa na ikoni karibu peke yako, na unapotoka, wimbi la kwanza limeshaondoka kanisani.

## Hatua ya 6: Chumba cha hazina

Usianze kuzunguka. Mtafute Pantokrator, simama mbele yake, uanze hapo.

Ni ubao wa mbao wenye kimo cha sentimita 84. Rangi imechanganywa na nta ya moto, na ndiyo maana ngozi ya uso ina mng'ao wa mwili ulio hai, wala si ubapa wa rangi ya maji. Kwa karne nyingi kazi hii ilifunikwa na rangi za mafundi wa baadaye. Iliposafishwa mwaka 1962 ndipo uso wa awali ulipoonekana.

Sasa fanya hivi. Inua kiganja chako mbele ya jicho, mbali na ikoni, ufunike nusu moja ya uso wa Kristo, kisha ufunike nyingine. Nusu iliyo kushotoni kwako, upande wa mkono unaobariki, imetulia: nyusi iko mahali pake, jicho linapokea. Nusu ya kuliani, upande wa Injili iliyopambwa vito, ina nyusi iliyopanda, kivuli chini ya shavu, na mdomo ulioshuka kidogo. Hata macho hayalingani ukubwa. Wengi huona humo huruma na hukumu, au ubinadamu na uungu katika nafsi moja. Mchoraji hakuacha maelezo, lakini aliyefanya hivyo hakuteleza brashi. Ondoa kiganja, na nusu zote mbili zinakutazama pamoja. Kaa hapo dakika 10 nzima.

Kisha nenda kwa Mama wa Mungu. Fuata mitazamo ya macho. Watakatifu wawili, Theodoro mwenye ndevu na Georgi asiye nazo, wanakukabili uso kwa uso, wima kabisa. Maria ameketi, lakini macho yake yanapita pembeni yako. Nyuma, malaika wawili wameinua vichwa kuutazama mkono wa Mungu unaoshuka kutoka juu. Ni ngazi tatu za ukaribu ndani ya ubao mmoja, na wewe umesimama kwenye ile ya chini.

Ngazi ya Kupandia Mbinguni inahitaji uisogelee, kwani ni ndogo, kimo chake ni kama sentimita 41. Kwenye dhahabu tupu imeegemezwa ngazi ya vidato 30, na watawa wanaipanda kwa mstari kuelekea kwa Kristo aliye pembeni juu. Anayetangulia ni Yohane wa Ngazi, aliyekuwa mkuu wa monasteri hii hii na mwandishi wa mafundisho ambayo ikoni inayachora. Angalia mashetani. Ni vivuli vyeusi vyembamba, wana kamba, pinde na koleo, na kila mmoja ameshughulika na mtawa wake. Wanaoanguka hawako chini tu. Kuna anayeng'olewa karibu na kilele. Watawa waliosali mbele ya ubao huu walijua kwamba anayeonywa ni yeye anayeutazama.

Petro mtazame mwisho, kwa wepesi ukitaka. Ana uso wa mzee aliyechoka na kusamehewa, na mkononi ameshika funguo.

Onyo: Usiguse kioo, usiweke begi juu ya kabati, na usizungumze na simu. Ikiwa ikoni mojawapo haipo, huenda iko kwenye matengenezo au maonyesho nje ya nchi. Uliza, kisha chagua nyingine ukae nayo muda uleule.

Umefaulu kama unaweza kufumba macho na kusema mkono wa Kristo umekunja vidole gani. Kama huwezi, rudi.

## Hatua ya 7: Kanisani, na mozaiki ya Kugeuka Sura

Kanisa lilijengwa kwa amri ya mfalme Justiniani kati ya mwaka 548 na 565, na milango ya mbao unayopita kuingia ukumbini ni ya wakati huo. Ipite bila kuishika.

Hapa wageni hukosea kwa kusimama katikati. Kazi kubwa ya kanisa hili ni mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vilivyopangwa ukutani, iliyo juu ya madhabahu, kwenye ukuta wa mviringo wa nyuma kabisa. Inaonyesha Kugeuka Sura, pale Yesu alipong'aa mbele ya Petro, Yakobo na Yohana. Mbele yake limejengwa ikonostasi, yaani ukuta wa ikoni unaotenga madhabahu, la mbao la karne ya 17, lenye msalaba mrefu juu. Tena taa nyingi zimening'inia kutoka darini. Kutoka katikati utaona dhahabu inayometameta na msalaba, basi.

Sogea mbele hadi pale unaporuhusiwa, kisha usimame upande wa kushoto kabisa. Inua darubini. Sasa unaona upande wa kulia wa mozaiki: Musa amesimama, na chini yake Yakobo amepiga magoti. Vuka kwa utulivu hadi kulia, na utampata Eliya, na chini yake Yohana. Petro yuko katikati chini, amelala kifudifudi ndiyo kwanza anaamka. Kristo amevaa nyeupe ndani ya duara refu la samawati, na miale inatoka kwake na kuwagusa wote. Hakuna mlima, hakuna mti, hakuna wingu. Fundi aliondoa kila kitu isipokuwa watu na mwanga.

Uchaguzi wa tukio hilo kwa mahali hapa una sababu yake. Kwa mapokeo, Musa na Eliya wote walikutana na Mungu katika mlima huu bila kuuona uso wake. Katika mozaiki wamesimama mbele ya uso huo. Kama nuru inatosha, inua darubini juu zaidi, pande mbili za dirisha: utamwona Musa tena, mara moja akivua viatu mbele ya kijiti, mara nyingine akipokea sheria.

Usiondoke kabla ya kuziangalia nguzo 12 za ukumbi. Kila moja ina ikoni ya watakatifu wa mwezi mmoja. Utafute mwezi wako wa kuzaliwa au mtakatifu wa jina lako. Ni kazi ya dakika tatu na watoto huipenda sana.

Mworthodoksi ataheshimu ikoni zilizowekwa kwa ajili hiyo kama afanyavyo nyumbani, midomo ikiwa haina rangi. Asiye Mworthodoksi asijilazimishe. Kusimama kimya kunatosha na hakuna atakayemshangaa.

## Hatua ya 8: Kijiti, kisima na msikiti

Nje ya kanisa kuna kijiti kinachoheshimiwa kuwa kile cha Kutoka sura ya 3. Kimezungushiwa ukuta na matawi yake yananing'inia. Usichume jani. Watu wengi hufanya hivyo, na mmea mmoja hauwezi kugawiwa mahujaji wa dunia nzima. Karibu na hapo kuna kisima cha Musa.

Utaona pia mnara mdogo wa msikiti ndani ya kuta hizihizi, karibu na mnara wa kengele. Simama mahali unapoweza kuiona yote miwili. Maktaba, yenye miswada mingi ya kale, haifunguliwi kwa wageni. Kurasa chache huonyeshwa katika chumba cha hazina.

## Hatua ya 9: Mlima, alasiri

Monasteri ikishafungwa, nenda ukale na kulala kidogo. Saa 8 au 9 mchana, kutegemea msimu, anza kupanda. Lazima uwe na kiongozi Mbedui, kwa kawaida wa kabila la Wajebeliya, Waislamu ambao vizazi vyao vimeitumikia monasteri hii na kuilinda. Patana bei kabla ya kuanza.

Panda kwa njia ya ngamia, ambayo ni ndefu lakini ya taratibu. Itakuchukua saa mbili hadi tatu. Mwishoni kuna ngazi 750 za mawe zinazopandwa na kila mtu kwa miguu. Kilele kina mita 2,285. Utaona jua likizama, watu wakiwa wachache kuliko alfajiri. Teremka kwa njia ileile ukiwa na tochi. Zile ngazi za toba, zaidi ya 3,000 zinazoshukia nyuma ya monasteri, usizijaribu gizani.

## Ukikuta pamefungwa

Ukifika siku ya kwanza mlango haufunguki, usibishane na mlinzi. Muulize ni kwa leo tu au na kesho. Ikiwa ni leo tu, geuza ratiba: mlima leo, monasteri kesho. Hiyo ndiyo faida ya usiku wa pili.

Ikiwa na kesho pia, zunguka ukuta kwa nje, kisha rudi Cairo ukatenge nusu siku kwa Makumbusho ya Kikopti katika mtaa wa Cairo ya Kale. Ni mapokeo mengine ya Ukristo wa Mashariki, lakini humo utaona ikoni na michoro ya ukutani kutoka monasteri za Misri, kwa karibu na bila haraka. Picha za ikoni za Sinai zilizopigwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Princeton na Michigan kati ya miaka ya 1950 na 1960 zinapatikana bure kwenye intaneti. Zipakue usiku huohuo ukiwa bado hotelini, tafuta zile nne, kisha uulize mjini tarehe za kufunguliwa za wiki inayofuata kabla hujabadilisha tiketi yako.